Susu la mtu mzima: bembea yangu ya kwanza ya kulalia porini

Nilipomwambia mama kwamba natafuta machela nikalalie porini, aliacha kupeta mchele akanitazama juu hadi chini. "Machela? Unaumwa nini, mwanangu?"

Hakukosea. Kwa watu wengi hapa Tanga machela ni ile ya hospitali, ya kubebea mgonjwa. Wazee zaidi wanakumbuka kuhadithiwa machela ya enzi za ukoloni: kitambaa kimening'inizwa kwenye mti mrefu, bwana mkubwa kalala ndani, wapagazi wanatoka jasho nje. Vijana wa hoteli za Ushongo wao wanasema hamoki. Mimi nikajaribu kueleza kwa mikono: kitambaa, kamba huku, kamba kule, miti miwili, unalala katikati. Bibi, ambaye muda wote alikuwa kimya kwenye mkeka wake, akacheka. "Kumbe susu!"

Susu. Jikoni kwake Pongwe lilikuwapo moja, wavu wa kamba umening'inia darini, ndani yake chungu cha samaki wa kukaanga. Paka hafiki, sisimizi wanapata tabu kufika, panya anabaki kunusa kutoka chini. Nilipofikiri vizuri nikaona bibi ametoa maana nzuri kuliko zote nilizosoma mtandaoni. Mtu anayelala kwenye bembea porini anajitundika kwa sababu zilezile za chungu cha samaki: unyevu wa chini, wadudu, mawe, mteremko. Hema linataka ardhi iliyo sawa. Susu linataka miti miwili tu, na miti Mungu katujalia.

Hiyo ilikuwa Machi, mawingu ya masika yameshaanza kujikusanya. Nilikuwa na shilingi 120,000 nilizoziweka kwa ajili hiyo, na sikuwa nazo nyingine. Nayaandika haya kwa sababu zaidi ya nusu ya fedha ile niliipoteza siku ya kwanza, na niliipoteza kwa kununua kitu kisichohitaji kununuliwa.

Nilinunua bembea ya dukani. Duka lenyewe la mtandaoni silitaji, maana kosa kubwa lilikuwa langu. Shilingi 65,000, imefika ndani ya kifuko kidogo kizuri, rangi ya chungwa na kijivu, ina kamba zake na kulabu mbili za chuma. Imeandikwa inabeba kilo 200. Mimi nina kilo 70. Nikajiambia hapa nalala mimi na mwenzangu na mzigo wetu, na bado kuna nafasi.

Jumamosi nikaenda nayo ufukweni upande wa Kigombe, njia ya Pangani. Nikapata mivinje miwili imesimama vizuri. Nikaifunga bembea na kuikaza, nikaikaza tena, mpaka ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu kichwani mwangu kitanda kizuri ni kitanda kisichobonyea. Nikapanda. Nikalala. Nikasikia "ta!", na kilichofuata ni mchanga mgongoni na watoto wawili wa wavuvi wamekaa chini wanacheka hadi machozi. Kulabu moja ilikuwa imefunguka kama kipini cha nywele.

Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza wavu pembeni akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, akaiokota ile kulabu akaigeuzageuza. "Mwanangu, umeikaza mno. Kamba iliyonyooka haina huruma." Halafu akarudi kwenye wavu wake kana kwamba amemaliza somo zima, na kwa kweli alikuwa amelimaliza. Mimi ndiye niliyehitaji karatasi na kalamu kulielewa.

Hesabu yenyewe iko hivi. Bembea ikining'inia kiasi kwamba kamba zinateremka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa, kila upande wa kamba unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wako. Mimi kilo 70, basi kila mti, kila fundo, kila kulabu inabeba kilo 70. Ukiikaza hadi pembe ibaki nyuzi 15, mvuto unakaribia mara mbili, kilo 135. Ukiifanya kama nilivyofanya mimi, nyuzi 10 au pungufu, kila upande unabeba kilo 200 kwa mtu yuleyule mmoja aliyelala kimya. Ongeza kule kujirusha wakati wa kupanda. Ile "kilo 200" ya dukani nilikuwa nimeimaliza peke yangu kabla sijageuka ubavu.

Huhitaji kipimo kikubwa kuipata pembe hiyo. Nyoosha kidole cha shahada, simamisha gumba, kama mtoto anayecheza bastola. Shahada ikilala sawa na ardhi, mstari wa kufikirika kutoka ncha ya shahada hadi ncha ya gumba ndiyo nyuzi 30 zako, karibu kabisa. Pima kamba yako kwa mstari huo. Nami nilipoanza kuilegeza nikagundua jambo la pili, kwamba bembea iliyolegea ndiyo inayolalika. Ukilala wima, kichwa huku miguu kule, unakunjika kama ndizi. Lala mshazari, kichwa kidogo upande wa kulia, miguu kidogo upande wa kushoto, na kitambaa kinajitandaza chini yako hadi mgongo unakaribia kunyooka. Iliyokazwa hailaliki mshazari. Inakubana mabega kama pipi kwenye karatasi yake.

Na hapo ndipo nilipoigundua kasoro ya ile ya dukani hata kama kulabu zisingefunguka: ilikuwa fupi, mita 2 na sentimita 60. Kwa mtu mzima wa urefu wa kawaida mshazari unaanza kuwezekana kwenye mita 3 kwenda juu. Wauzaji wanatangaza upana na kilo. Urefu, ambao ndio unaolalisha mtu, umeandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Zikawa zimebaki shilingi 55,000. Nikasubiri mwisho wa mwezi, nikaongeza 35,000, nikaanza upya na 90,000.

Wazo langu la kwanza la kizalendo lilikuwa mkonge. Mtu wa Tanga anunue kamba ya plastiki? Na mkonge na bembea ni ndugu wa damu. Mmea huu tumeuzoea hadi tunadhani ni wetu tangu Adamu, lakini uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida; vilivyofika hapa vikiwa hai ni 62. Asili yake ni Meksiko. Hata jina sisal ni la bandari moja ya Yucatán ambako nyuzi zake zilikuwa zikipakiwa melini, na Yucatán hiyohiyo hadi leo inasifika kwa watu kulala kwenye bembea za kusuka badala ya vitanda. Kwa hiyo ule mmea uliowatajirisha wenye mashamba kuanzia Pangani hadi Korogwe umetoka katika nchi ya wanaolala hewani, ukaja kwetu, na sisi tukatengenezea magunia na kamba za kufungia ng'ombe. Hamoki yenyewe ni neno la Wataino wa visiwa vya Karibi. Columbus na mabaharia wake walizikuta huko mwaka 1492, na baadaye mabaharia wa Ulaya wakazifanya kitanda chao melini.

Nilifurahia historia hiyo siku mbili. Siku ya tatu nikafunga kamba ya mkonge kwenye mwembe wa nyumbani, ikanyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena. Baada ya wiki tatu ilikuwa na ukungu mweusi kwenye mafundo, na nilipoisokota vidoleni ikatoa vumbi. Tena ilikuwa imeuchubua mwembe. Mkonge una kazi zake nyingi. Kunishikilia mimi usiku wa manane si mojawapo.

Kilichouokoa mfuko wangu ni gereji. Kwa wauza spea za mtumba kuna magari yaliyochinjwa, na kila gari lililochinjwa lina mikanda ya siti. Ule mkanda ni wa polista, una upana wa karibu sentimita 5, na umetengenezwa kumzuia mtu mzima asitoke kiooni gari likigonga. Polista haivutiki sana ikibeba uzito, tofauti na nailoni, ambayo unalala ukiwa juu na kuamka makalio yanagusa nyasi. Upana nao una faida, kwani hauliumizi gamba la mti kama kamba nyembamba. Nilichagua miwili ya siti za nyuma, ambayo haijapigwa jua, haina nyuzi zilizochomoza wala sehemu iliyokakamaa. Nikatoa 10,000 kwa yote miwili. Yule kijana aliniuliza, "Kaka, gari gani?" Nikamwambia kitanda. Akanitazama kama mama.

Kitambaa nilikipata Ngamiani, ile nailoni nyepesi ya majaketi ya mvua ambayo wauzaji wengi wanaiita parachuti. Upana mita 1 na nusu, 6,000 kwa mita. Nikachukua mita 3 na nusu, 21,000. Kabla ya hapo mama alinishauri kitenge, na ushauri wake nilioupuuza kwa dharau ningeupuuza kwa heshima kama ningepima kwanza: nusu ya kitenge ni yadi 3, yaani mita 2 na sentimita 74, na upana wake mita 1 na kidogo. Kifupi, chembamba. Na pamba ikilowa haikauki mapema, inakuwa nzito kama taulo. Yule mzee wa Kigombe yeye alipendekeza marekani, kitambaa cha matanga ya mashua. Kina nguvu, hilo halina ubishi, na ningependa kulala kwenye tanga katika mji unaoitwa Tanga. Lakini mabega yangu yalikataa uzito.

Fundi cherehani wangu yuko kwenye mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, barazani, chini ya bati. Nilimchorea. Akaukataa mchoro wangu, akachora wake. Pande ndefu apinde kidogo tu ili zisichanike. Pande fupi apinde pana, kama pindo la pazia, ashone mistari mitatu, na ndani ya pindo hilo ipite kamba. Kamba ikivutwa, kitambaa chote kinajikusanya kama mdomo wa mfuko. Uzuri wa njia hii ni kwamba uzito hauning'inii kwenye mshono. Kitambaa chenyewe kimeizunguka kamba na ndicho kinachobeba. Alichukua 8,000, na ilipokwisha bembea ilikuwa na mita 3 na sentimita 20.

Kamba za kupitisha kwenye mapindo nilinunua kule Deep Sea, wanakouza vifaa vya uvuvi. Zinaitwa manila, ingawa manila ya kweli ni nyuzi za mmea na hizi ni plastiki kavu. Jina limebaki, mmea umekwenda. Shilingi 5,000 zilinipa kamba nene za mapindoni na nyembamba moja ya juu. Hii ya juu ni siri ndogo yenye faida kubwa. Unaifunga kutoka ncha moja ya bembea hadi ncha nyingine, na urefu wake uwe kama asilimia 83 ya urefu wa bembea. Yangu mita 3.20, kamba ya juu mita 2.65. Ukishaikata hivyo, miti iwe karibu au mbali kidogo, bembea inalegea kwa kiasi kilekile kila siku. Tena unapata pa kuning'iniza tochi na miwani.

Chandarua sasa. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, nami nilikuwa mmojawao. Nilidhani nitatundika chandarua juu, kiteremke pembeni, basi. Usiku wa kwanza wa majaribio chini ya mwembe niliamka na mgongo wote una vipele, mstari mmoja kutoka shingoni hadi kiunoni, kana kwamba mtu amenishona. Mbu hawakuwa wameingia. Walikuwa wanakuja kwa chini, wanatua kwenye kitambaa kilichobana ngozi yangu, na kuchoma kupitia humo. Nailoni nyepesi kwa mbu ni kama hakuna kitu. Chandarua cha bembea lazima kizunguke na chini pia, na kisiiguse bembea.

Nilitaka kukichukua kile cha kitandani kwangu. Mama akasema, "Cha malaria hakikatwi." Nikanunua kingine chenye dawa, futi sita kwa sita, 15,000. Fundi akakifungua akakigeuza kuwa mrija mrefu kama soksi isiyo na kisigino, kila mwisho una uzi wa kukaza, na chini akaacha mlango wa kuingilia unaofungwa. Akanidai 5,000 na kuniomba nisimwambie mtu kwamba kazi ile ameifanya yeye.

Juu ya yote, turubai. Mita 3 kwa 4, la bluu, lile la kufunikia mahindi, 22,000. Ni zito na linapiga kelele upepo ukivuma. Zipo za nailoni nyepesi zinazokunjika hadi kutosha kwenye kofia, na bei yake ingekula mradi mzima. Jumla ikawa 86,000. Vigingi nikakata mwenyewe kutoka kwenye miti ya mpera, bure.

Julai nikaenda msitu wa Amani, kule milimani. Kutoka Tanga hadi Muheza, machungwa yamepangwa barabarani, halafu gari la milimani linalokwenda taratibu likipita mitiki ya Longuza na kuanza kupanda kona baada ya kona. Amani iko karibu mita 900 juu ya bahari. Wajerumani walianzisha bustani na kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia ipo bado imesimama. Nililipa kiingilio na ada ya kulala, nikauliza miti gani naruhusiwa kufunga, nikaonyeshwa. Muulize mwenyeji. Usifunge tu. Miti iwe imepishana mita 4 hadi 5, mnene kuliko paja lako, mzima hadi juu, na utazame juu kwa muda mrefu: tawi kavu halina ratiba. Kwa sababu hiyohiyo sifungi kwenye mnazi hata pwani pawe na kivuli namna gani. Na nguzo ya matofali ya barazani kwenu usiijaribu. Imejengwa kubeba uzito wa kuja chini, haikujengwa kuvutwa ubavu, na ikianguka inamwangukia aliyelala.

Saa mbili usiku nilikuwa mfalme. Saa nane usiku nilikuwa natetemeka. Nina fulana mbili, nina sweta, nina blanketi zito juu, na mgongo wangu ni barafu. Sikuelewa. Juu joto, chini kaburi. Kwenye msitu perere alikuwa analia ile sauti yake ya mlango mbovu unaofunguka taratibu, na mimi nilikuwa namwonea wivu manyoya.

Asubuhi mlinzi mmoja alinieleza akiwa anakunywa chai yangu. Blanketi linatunza joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Ukililalia, umeikamua hewa yote, limebaki kitambaa. Na chini ya bembea hakuna ardhi wala godoro, kuna upepo unaopita usiku kucha unachukua joto lako. Ndiyo maana hata Tanga mjini, wakati wa kipupwe na kusi ikivuma, unaweza kuamka kwa baridi ya mgongo tu. Dawa ya bei nafuu niliyoipata baadaye ni mkeka wa sponji wa mazoezi, 15,000, unaotandikwa ndani ya bembea. Unateleza na unatoa jasho, lakini unazuia. Dawa nzuri zaidi ni blanketi kuning'inizwa nje, chini ya bembea, ligusane nayo bila kulaliwa. Nimeshonesha vitanzi vinne kwenye blanketi kuukuu, vinakwenda hadi kwenye ncha za bembea. Ikiwa ningeanza tena leo na fedha ya vitu vitatu tu, ningenunua mikanda, chandarua na cha kuweka chini ya mgongo, halafu kitambaa ningeomba.

Usiku wa pili mvua. Turubai lilishika, ubavuni hakukuingia hata tone, lakini alfajiri nikahisi unyevu kisogoni. Maji yalikuwa yanateremka kwenye shina la mti, yanaufuata mkanda wa siti kama njia ya kwenda nyumbani, yanapita chini ya turubai na kuingia kwangu. Nikakata kamba mbili za viatu, nikafunga moja kila mkanda, chini ya turubai, ncha zining'inie. Maji yakifika pale yanaifuata kamba ya kiatu na kudondoka chini. Ni kitu kidogo cha kipuuzi, na kimefanya kazi kila mvua tangu siku ile. Kitambaa kilicholowekwa mafuta ya taa nakifunga juu yake kidogo, kwa ajili ya siafu, ambao nao wanaujua mkanda.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliazima vyote kwenda Ushongo na wenzake. Nikamwonyesha pembe ya vidole, nikamwonyesha kulala mshazari, nikamkataza minazi. Akarudi Jumapili amelowa hadi kwenye begi, analaumu turubai langu. Nikafungua mfuko nikaitazama mikanda. Zile kamba za viatu hazikuwepo.

"Zile?" akasema. "Nilidhani uchafu, kaka. Nikakusafishia."